Mahindi yamefika, mahindi yalifika: Mtoto wa Kibaigwa na wakati uliopita wa Kiingereza

Katika soko la mazao la Kibaigwa, wilayani Kongwa, silabi moja yaweza kumgharimu mtu safari. Dalali akimpigia simu mfanyabiashara aliyeko Dar es Salaam na kumwambia, "Mahindi yamefika," mfanyabiashara huyo ataandaa fedha na kutafuta lori, kwa kuwa amefahamu kwamba mzigo upo na unasubiri mnunuzi. Dalali huyo huyo akisema, "Mahindi yalifika," mfanyabiashara atanyamaza kidogo, kisha atauliza, "Sasa yako wapi?" Kilichobadilika ni silabi moja tu katikati ya kitenzi, na kwa silabi hiyo mzigo umeondoka.

Vivyo hivyo kwa lori. Wakulima wakiambiwa, "Lori halijafika," wataendelea kukaa kivulini kando ya magunia yao, maana bado lipo tumaini. Wakiambiwa, "Lori halikufika," watatafuta mahali pa kulaza mzigo. Hakuna aliyewafundisha darasani tofauti hiyo. Mpagazi anaijua, mama lishe anaijua, na mtoto wa miaka 5 aliyefuatana na mama yake sokoni anaijua.

Tumeanza na soko kwa sababu watoto wa watu hao hao, wanapoingia kidato cha kwanza, huambiwa kwamba nyakati zilizopita za Kiingereza ni jambo geni kabisa kwao. Hukabidhiwa orodha ndefu ya vitenzi waikariri: "go, went, gone", "buy, bought, bought". Wengi huikariri vema. Lakini mwalimu akimwambia mmojawao aeleze kwa Kiingereza alichokifanya jana, orodha yote huyeyuka, na mtoto husimama kimya mbele ya wenzake. Katika makala haya tunataka kuonesha kwamba mtoto huyo haendi mikono mitupu. Sehemu kubwa ya anachofundishwa tayari anayo katika Kiswahili chake, na aliyepitia madrasa anayo pia katika Kiarabu kidogo alichojifunza. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonesha.

Kinachotegemea jambo hili

Wazazi wengi wa Kibaigwa wanafahamu mkasa huu kwa kuuona nyumbani. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali, na Kiingereza hufundishwa humo kama somo. Mtoto akivuka kwenda sekondari, mambo hugeuka ghafla: isipokuwa somo la Kiswahili na mengine machache, kila kitu huja kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani hujikuta hafahamu swali, achilia mbali jibu. Wengi huwa tayari wamebeba lugha mbili au tatu kabla ya kufika hapo. Nyumbani wapo wanaosema Kigogo, Kikaguru au Kimasai. Sokoni na shuleni ni Kiswahili. Madrasa ni herufi za Kiarabu.

Suala hili limejadiliwa na Taifa kwa miaka mingi. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari kuanzia mwaka 1985. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Clive Criper na Bill Dodd, waliochunguza hali ya Kiingereza katika shule zetu, walikuta kwamba kiwango cha wanafunzi kilikuwa chini mno kuweza kubeba masomo mengine. Pendekezo la mwaka 1982 halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 nayo ilisema Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote huku Kiingereza kikiimarishwa, lakini sekondari zimeendelea na Kiingereza hadi leo. Mjadala huo una watu wake, na sisi hatuufungi hapa. Mtoto aliyeko kidato cha kwanza mwaka huu hawezi kungojea uishe.

Mbele yake uko Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, unaoamua kama ataendelea na kidato cha tatu au atarudia. Na katika masomo mengi, wakati uliopita ndio uti wa mgongo wa majibu. Ripoti ya jaribio la Kemia huandikwa kwa wakati uliopita: maji yalichemshwa, rangi ilibadilika, gesi ilitoka. Katika Historia, wageni walifika, mkataba ulitiwa saini, vita vilipiganwa. Mwanafunzi anayejua sababu za vita lakini akaandika kana kwamba vinapiganwa leo, atamchosha msahihishaji, na pengine atajichanganya mwenyewe asijue lipi lilitangulia lipi.

Wakati hukaa wapi katika kitenzi?

Kila lugha humpa msemaji njia ya kusema jambo lilitokea lini, lakini kila moja huuweka wakati mahali pake. Kihaya, kinachosemwa Kagera, kina maumbo mbalimbali ya kitenzi kwa jambo la leo, la jana na la zamani. Kiswahili huuweka wakati tumboni mwa kitenzi, kabla ya mzizi: a-li-nunua, a-me-nunua. Mzizi wenyewe haubadiliki. Ndiyo maana mtoto wa Kiswahili husikiliza mwanzo wa kitenzi ili ajue wakati.

Kiingereza huuweka mwishoni, kwa mkia wa "-ed", kama katika "plant, planted". Au huugeuza mwili wa neno lenyewe, kama katika "sing, sang". Au huweka kitenzi kisaidizi mbele, kama katika "has planted". Mtoto aliyezoea kusikiliza mwanzo wa kitenzi hujikuta sasa anatakiwa asikilize mwisho, na mwisho ndiko sikio lake lisikozoea kwenda.

Sababu yake iko katika matamshi. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu. Mkia wa "-ed" mara nyingi ni konsonanti tupu. Baada ya "t" au "d" husikika kama silabi kamili, kama katika "planted" na "loaded", na hapo mtoto huudaka bila shida. Lakini katika "packed" husikika kama "t" tu, na katika "weighed" kama "d" tu, tena hafifu. Mwalimu akitamka "We packed the maize", mtoto husikia "We pack the maize", na ndivyo atakavyoandika. Pengine anaijua kanuni barabara, ila sikio halijaupokea mkia. Dawa yake ni kusikiliza na kutamka kwa jozi, mara nyingi: "pack, packed, load, loaded, weigh, weighed". Tumechagua maneno ya kufunga, kupakia na kupima mizani kwa makusudi, kwa sababu kila mtoto wa Kibaigwa ameyaona yakitendeka.

Kosa la lumbesa

Kosa linalosikika sana katika madarasa yetu ni hili: "I didn't went." Mtoto anataka kusema hakwenda. Anajua kwamba wakati uliopita wa "go" ni "went", na anajua kwamba kukanusha kunataka "did not". Ameweka vyote viwili, naye anadhani amefanya vizuri maradufu.

Kibaigwa kuna neno la jambo hili. Gunia lililojazwa kupita kiasi chake, likaongezwa kilemba juu na kushonwa kwa kamba, huitwa lumbesa, na sheria za vipimo zinaikataza. "I didn't went" ni kitenzi kilichofungwa lumbesa: kimebebeshwa wakati uliopita mara mbili. Neno "did" tayari limekwisha kuubeba; "went" ni mzigo wa ziada. Kipimo sahihi ni "I did not go".

Na hapa mtoto ana ushahidi nyumbani kwake. Kiswahili kinasema "alikwenda", lakini kikikanusha hakisemi "halikwenda" kwa maana ya mtu. Ile "-li-" huondoka kabisa, tukasema "hakwenda". Vivyo hivyo "alinunua" huwa "hakununua". Wakati uliopita umehamia katika kikanushi, na kitenzi kimebaki na mzizi wake.

Kiarabu nacho kinakubali. Mwanafunzi wa madrasa aliyefika mlango wa sarufi anajua kwamba "kataba" ni kitenzi cha madhi, yaani ameandika au aliandika. Akitaka kukanusha kwa "lam", neno alilolisikia mara nyingi katika sura fupi alizozihifadhi, hasemi "lam kataba". Husema "lam yaktub". Kitenzi kimerudi katika umbo la mudhari, na "lam" ndiyo iliyobeba wakati uliopita. Hakuandika, lam yaktub, did not write: lugha tatu zisizo na undugu wa karibu zimekutana katika jambo moja, nalo ni kwamba katika kukanusha wakati uliopita hubebwa mara moja tu. Mtoto akioneshwa hivyo, hahitaji kuikariri kanuni kama amri ya kigeni.

Katika swali, Kiingereza hujitenga na wenzake. Sisi huuliza, "Je, alikwenda?" bila kugusa kitenzi. Kiingereza hulileta tena lile "did" mbele na kukirudisha kitenzi katika mzizi: "Did he go?" Hapa mtoto hana mfano wa nyumbani, na mwalimu hana budi kupatilia mkazo zaidi.

Imamu na maamuma

Kosa la pili hujitokeza mtoto anaposimulia. Ataanza vizuri: "Yesterday I went to the market." Kisha ataendelea: "I buy maize, I carry it home, I give it to my mother." Kitenzi cha kwanza kiko katika wakati uliopita, vinavyofuata vyote vimerudi sasa. Mwalimu huona uzembe. Lakini tumsikilize mtoto huyo huyo akisimulia kwa Kiswahili: "Jana nilikwenda sokoni, nikanunua mahindi, nikayabeba mpaka nyumbani, nikampa mama."

Kiambishi "-li-" kimetokea mara moja tu, mwanzoni. Baada yake imekuja "-ka-", ambayo haina wakati wake yenyewe. Huuchukua kwa kitenzi kilichotangulia. "-li-" imesimama mbele kama imamu, na vitenzi vya "-ka-" vimejipanga nyuma kama maamuma, vikifuata. Huo ni uzuri mkubwa wa Kiswahili, na ndiyo siri ya hadithi zetu kutiririka.

Kiingereza hakina maamuma. Kila kitenzi husimama peke yake na lazima kionekane kimevaa wakati uliopita: "I went, I bought, I carried, I gave." Mtoto anayerudi katika wakati uliopo baada ya kitenzi cha kwanza anafuata kanuni njema ya lugha yake katika lugha isiyoijua. Mwalimu anayelifahamu hilo atamwambia maneno machache: kila mahali ambapo Kiswahili chako kinasema "-ka-", Kiingereza kinataka umbo la wakati uliopita. Maneno hayo machache huondoa nusu ya wino mwekundu katika daftari la insha.

Jana haikai na "has"

Turudi kwa dalali wetu na simu yake. "Mahindi yamefika" kwa Kiingereza ni "The maize has arrived." "Mahindi yalifika" ni "The maize arrived." Tofauti ile ile anayoijua mpagazi ndiyo inayojaza kurasa za vitabu vya sarufi. "Halijafika" ni "has not arrived". "Halikufika" ni "did not arrive". Kwa hiyo mtoto anaweza kuanza na kipimo chepesi: "-me-" na "-ja-" huelekea "has" na "have", "-li-" na kikanushi cha "-ku-" huelekea wakati uliopita wa kawaida na "did not".

Kipimo hicho, hata hivyo, kina matundu mawili ambayo mtoto lazima ayajue, asije akatumbukia.

La kwanza ni siku. Kiswahili cha mazungumzo huruhusu kusema, "Baba amekuja jana." Kiingereza hakiruhusu "has come yesterday". Ikishatajwa siku au saa iliyokwisha kupita, kama vile jana, juzi, Jumatatu iliyopita au mwaka 2010, mlango wa "has" umefungwa, na lazima isemwe "came". Tukio lililofungiwa ndani ya siku yake halina tena mkono wa kuigusa leo.

La pili ni hali. Kiswahili hutumia "-me-" kueleza hali aliyo nayo mtu sasa: amelala, amesimama, amevaa kanzu, nimechoka, nimeshiba. Kiingereza huziona hizo kuwa hali za sasa na huzieleza hivyo: "He is asleep", "She is standing", "I am tired", "I am full". Anayetafsiri "nimechoka" kuwa "I have tired" amefuata kipimo bila kutazama maana. Swali la kujiuliza ni jepesi: je, ninaeleza jambo lililotendeka, au namna mtu alivyo hivi sasa?

Vitenzi vikaidi

Sasa tufike kwenye ile orodha inayotisha. Vitabu vya sarufi huorodhesha vitenzi vya Kiingereza visivyofuata mkia wa "-ed" vinavyokaribia 200. Linaloudhi zaidi ni kwamba ndivyo vinavyotumika kila siku: kuwa, kuwa na kitu, kufanya, kusema, kwenda, kuja, kuona, kula, kunywa, kuchukua, kujua. Mtoto huuliza, kwa haki, kwa nini Waingereza wamekifanya kigumu kile wanachokihitaji zaidi.

Jibu ni kwamba neno linalotumika kila siku haliachi tabia zake za kale, kwa sababu kila kizazi hulisikia mara nyingi mno kulisahau. Maneno yanayotumika kwa nadra ndiyo hunyooshwa yakafuata kanuni. "Went", kwa mfano, awali haikuwa ya "go" hata kidogo. Ilikuwa wakati uliopita wa kitenzi kingine, "wend", chenye maana ya kushika njia, ikahama na kukaa hapo ilipo. Watoto wa Waingereza wenyewe, wanapojifunza kusema, husema "goed" kabla ya kuzoea "went".

Na sisi tusijione tumenyooka. Tunasema "alisoma" na "alipika", lakini hatusemi "alila" wala "alinywa". Tunasema "alikula", "alikunywa", "alikuja", kwa kuibakiza ile "ku-" ambayo vitenzi vingine huiacha. Kisha katika kukanusha tunasema "hakula". Ni vitenzi gani hivyo vyenye ukaidi? Kula, kunywa, kuja, kufa, kuwa: vile vile vya kila siku. Mgeni anayejifunza Kiswahili huviona vigumu kama mtoto wetu anavyoiona "went".

Orodha yenyewe hupungua makali ikipangwa kwa makundi. Viko visivyobadilika kamwe: "cut", "put", "cost". Viko vinavyobadili irabu ya ndani: "sing, sang, sung", "drink, drank, drunk", "begin, began, begun". Aliyesoma madrasa hili si geni kwake, kwani anajua "kataba" ikibadilishwa irabu huwa "kutiba", yaani imeandikwa, bila kuongezwa herufi hata moja. Viko vinavyoimba pamoja: "buy, bring, think, teach" huwa "bought, brought, thought, taught", "keep, sleep, sweep" huwa "kept, slept, swept", "sell" na "tell" huwa "sold" na "told". Kumi vilivyo katika kundi moja huingia akilini upesi kuliko vitatu vilivyotawanyika.

Lipi lilitangulia?

Umebaki wakati mmoja ambao wanafunzi wengi huuogopa kuliko yote, nao ndio unaofanana zaidi na Kiswahili. "Nilipofika sokoni, lori lilikuwa limeondoka." Hapa kuna matukio mawili yaliyopita, na moja limetangulia jingine. Kiswahili kimeunganisha "lilikuwa" na "-me-". Kiingereza nacho kinaunganisha "had" na umbo la tatu la kitenzi: "When I reached the market, the lorry had left." Na tukisema, "Nilipofika, walikuwa wakipakia magunia," Kiingereza kinasema, "When I arrived, they were loading the sacks." Kwa hiyo "alikuwa ame-" ni "had", na "alikuwa aki-" au "alikuwa ana-" ni "was" pamoja na mkia wa "-ing".

Mwalimu wa Kongwa hahitaji kutafuta mifano mbali. Ardhi anayoikanyaga ina habari ya kutosha. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha Kongwa mpango mkubwa wa kulima karanga ili kupata mafuta baada ya Vita Kuu ya Pili. Matrekta yaliletwa, vichaka vilifyekwa, reli na nyumba zilijengwa. Mvua haikutosha, udongo wa mfinyanzi uligeuka mgumu wakati wa kiangazi, na mwaka 1951 mpango uliachwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Habari nzima inaweza kusemwa na mwanafunzi wa kidato cha kwanza kwa sentensi chache: "They came to Kongwa in 1947. They cleared the bush and planted groundnuts. The rain was not enough. The soil became hard. In 1951 they stopped. They had bought many tractors before they understood the land."

Ndani ya sentensi hizo kuna mkia wa "-ed", kuna vitenzi vikaidi, kuna mwaka uliotajwa unaofunga mlango wa "has", na mwishoni kuna "had" inayoonesha kwamba matrekta yalitangulia na maarifa ya ardhi yakachelewa. Mwanafunzi amejifunza sarufi na historia ya kwao kwa pamoja, na babu yake nyumbani aweza kumwongezea mengine.

Kazi ya mzazi asiyejua Kiingereza

Wazazi wengi hudhani kwamba kwa kuwa wao hawajui Kiingereza, hawana la kumsaidia mtoto. Sisi tunaona vingine. Kazi kubwa zaidi katika somo hili ni kupanga wakati akilini, na hiyo hufanyika kwa Kiswahili. Usiku, baada ya sala ya isha na chakula, mtoto aombwe asimulie sentensi tano za mambo yaliyotokea siku hiyo au jana yake. Mzazi amuulize maswali matatu:

Kwanza, umetaja siku au saa iliyopita? Kama ndiyo, mtoto ajue kwamba "has" na "have" hazina nafasi hapo.

Pili, jambo hilo limekwisha na kupita, au alama yake ipo mpaka sasa? Mahindi yamefika na yapo, au yalifika yakaondoka?

Tatu, kati ya mambo mawili uliyoyataja, lipi lilitangulia? Lile lililotangulia ndilo linaloweza kuvaa "had".

Kisha mtoto aziandike sentensi hizo kwa Kiingereza katika daftari lake, na kesho yake amwoneshe mwalimu. Mzazi hakutamka neno hata moja la Kiingereza, lakini amefanya kazi ya mwalimu. Kwa vitenzi vikaidi, daftari hilo hilo lipokee vitano kila juma, vya kundi moja. Haba na haba hujaza kibaba: vitano kwa juma, ndani ya majuma 40 ni vitenzi 200, na orodha yote imekwisha kabla mwaka haujaisha.

Kwa walimu tunalo ombi moja. Zipo shule zenye vibao vinavyotaka Kiingereza peke yake kitumike katika eneo la shule. Nia yake ni njema, kwa kuwa lugha hukomaa kwa kusemwa. Lakini katika kipindi cha sarufi, dakika 10 za kulinganisha "hakwenda" na "did not go" kwa Kiswahili huokoa majuma ya kusahihisha kosa lile lile. Mtoto asichekwe anapokosea, na wala asiadhibiwe kwa kosa ambalo kiini chake ni kuijua vema lugha yake ya kwanza. Aulizwe: kwa Kiswahili ungesemaje? Jibu lake ndilo litakalomwonesha mwalimu pa kuanzia.

Na ustadhi wa madrasa, akifika katika mlango wa madhi na mudhari, awakumbushe vijana wake wa sekondari kwamba "lam yaktub" ina ndugu yake katika daftari la Kiingereza. Elimu moja huifungulia nyingine mlango, na kijana aliyeona lugha zake zote zikisaidiana hatakiogopa Kiingereza tena, in shaa Allah.